Jibu: Gredi ya 2 anaandika "samba" badala ya "shamba"

Habari dada wa Kondele. Umesema mwanao anasoma vizuri, ila kwenye imla anaandika "samba" na "sati". Kabla ya kushika daftari, sikiliza anavyotamka. Kijaluo hakina sauti ya sh, na wangu aliandika alichosikia nyumbani (mwenye kusema "sule" nilikuwa mimi, aibu!).

Tulitumia jozi: saba na shaba, sindano na shindano. Kila neno lina kadi yake: nataja moja, anaonyesha kadi yenye neno hilo, kisha tunabadilishana. Dakika 10 baada ya chakula cha jioni, basi. Muhula ulipoisha alikuwa amenyooka, ingawa akiandika kwa haraka bado sh humponyoka.

Mwombe mwalimu orodha ya sauti wanazofunza muhula huu. Mtaala wenyewe uko kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya.