Mlangoni Asiulizwe Imani

Swali lenu la wiki linauliza kama jumuiya za udugu, Freemason na nyingine za aina hiyo, zina haki ya kumtaka mwanachama awe na imani fulani ya dini. Kwa jumuiya iliyoanzishwa na waumini kwa ajili ya waumini wenzao, nasema ndiyo. Knights of Columbus ilianzishwa na padri Michael McGivney mwaka 1882 huko Connecticut, Marekani, ili wanaume Wakatoliki wasaidiane na wajane wao wasihangaike. Anayejiunga anajua anaingia wapi. Ila kwa jumuiya inayojitangaza kuwa ya watu wa dini zote, kisha inamhoji mtu mlangoni kama anamwamini Mungu, jibu langu ni hapana.

Hapa Moshi watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba Freemason wa Uingereza, na loji zote (vikundi vyao) wanazozitambua, hawampokei mtu asiyemwamini Mungu. Kwetu jina hilo limechafuka. Nguzo za umeme zimebandikwa makaratasi yenye namba za simu, "jiunge upate utajiri", na meseji zinaingia zikimtaka mtu atume hela ya fomu. Hao ni matapeli tu, na wamewaumiza vijana wetu wengi.

Sharti lenyewe ni la zamani. Loji kuu ya kwanza, yaani chombo cha kusimamia loji nyingine, iliundwa London mwaka 1717, na katiba yake ya 1723, iliyoandikwa na mchungaji James Anderson, ilimkataa mkana Mungu lakini haikumlazimisha mtu kuwa wa dhehebu fulani. Mpaka leo anayeapishwa huapa juu ya kitabu cha dini yake. Ndiyo maana Sir Andy Chande, Mtanzania wa dini ya Kihindu aliyefariki mwaka 2017, aliweza kuwa kiongozi wao wa Afrika Mashariki, na wala hakuficha. Mimi nawapa heshima kwa hilo. Katika Ulaya iliyokuwa imetoka kumwagiana damu kwa ajili ya madhehebu, kuwakalisha Mwanglikana na Mkatoliki meza moja halikuwa jambo dogo.

Lakini waliishia katikati. Kanisa Katoliki liliwakataza waumini wake kujiunga tangu 1738, likarudia 1983 na tena 2023, na mojawapo ya hoja zake ni hiyohiyo ya kuziweka dini zote sawa. Kwa hiyo sharti halikuwaridhisha wenye dini zao, na asiye na dini likamfungia nje. Halafu akishaingia, mwanachama haruhusiwi kujadili dini ndani ya loji! Kama haifai kuzungumzwa ndani, kwa nini iwe ya kwanza kuulizwa mlangoni?

Watetezi wa sharti hushika hoja ya kiapo: asiyemwamini Mungu ataapa kwa nini, na nani atamwamini? Nendeni mahakamani mkaone. Sheria yetu ya viapo inamruhusu asiye na dini athibitishe tu kwamba atasema kweli, na akidanganya anashtakiwa sawasawa na yule aliyeshika Biblia. Kama mahakama inaweza kumfunga mtu jela kwa ushahidi wa namna hiyo, jumuiya inaogopa nini?

Na imani yenyewe haijawahi kuleta udugu peke yake. Prince Hall na wenzake, watu weusi wa Boston, walimwamini Mungu, sharti walilitimiza, lakini loji za wazungu za hapo kwao hazikuwataka. Ikabidi waombe hati ya kuwa na loji yao London, nayo ikatolewa mwaka 1784. Loji kuu ya wazungu ya Connecticut ilikuja kuwatambua ndugu zao weusi wa jimbo hilo mwaka 1989. Zaidi ya miaka 200, watu wote wakiapa kwa Mungu mmoja.

Wafaransa walilifuta sharti hilo mwaka 1877, na Waingereza wakavunja uhusiano nao. Aliyesimama kutetea lifutwe alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, Frédéric Desmons. Mtu wa madhabahuni! Naamini alijua kuliko wengi kwamba imani inayotamkwa ili mtu apate kadi haimsaidii Mungu wala jumuiya.

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana hapa mjini. Tuna Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, na wapo ambao sijawahi kusikia wanasali wapi. Mjumbe mmoja aliwahi kuleta hoja tubaki Wakristo watupu, kwa sababu misiba yetu inatofautiana. Mwislamu anazikwa siku hiyohiyo au kesho yake, hivyo mweka hazina lazima apatikane hata usiku wa manane. Msiba wa Mkristo unangoja ndugu watoke Dar es Salaam na Mwanza, mwili upandishwe Kibosho au Rombo, na gharama za mochwari na basi zinazidi kupanda. Hoja ya usumbufu ilikuwa ya kweli, hatukuipuuza. Tulibadili fomu. Palipokuwa na neno "Dini" tukaandika: "Ukifariki, uzikwe wapi na kwa utaratibu gani?" Mzee mmoja fundi seremala akajaza: "Kihambani, pembeni ya baba. Ibada waamue wanangu." (Kihamba ni shamba la ukoo.) Mchango wake ni sawa na wa wengine, na kwenye misiba ya wenzake haondoki mpaka turubai limekunjwa na viti vimehesabiwa. Tungembana kuhusu imani yake siku ya kwanza, ama angetudanganya ama tungemkosa.

Najua Katiba yetu, ibara ya 20, inawapa watu uhuru wa kujumuika na wanaowataka. Sisemi serikali iwaingilie Freemason. Nasema wao wenyewe walifute, maana kumpima mtu wanaweza bila sharti hilo: kwao mwombaji lazima apendekezwe na mwanachama mmoja, aungwe mkono na mwingine, kisha apigiwe kura ya siri. Hao wawili waulizwe kama anawalipa wafanyakazi wake, kama anatunza familia yake, kama aliwahi kula hela ya kikundi. Na vikundi vya hapa Moshi vinavyoandika katiba mwaka huu, vikitaka kuiona fomu yetu, nitawapa nakala bila malipo.