Nisubiri sasisho jipya au ninunue simu nyingine?

SWALI: Fundi, salaam kutoka Arua. Mimi ni wakala wa mobile money. Simu yangu nilinunua mwaka 2022, ina Android 12, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 32. Kila siku nasikia masasisho mapya yanakuja na mambo mazuri. Mimi natamani manne tu: simu ijifunge yenyewe ikinyakuliwa na mtu wa boda boda, isinimalizie bando, isijae ovyo, na iwe na kitufe cha kurudisha pesa nikikosea namba. Je, nisubiri sasisho, au nijikaze ninunue simu nyingine?

JIBU: Dada yangu, salaam zimefika. Katika hayo manne, matatu unaweza kuyapata bila kusubiri Android mpya. La nne haliji kwa sasisho lolote la simu, nitakueleza kwa nini. Lakini kuna la tano ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linaloamua swali lako la kununua au kutonunua.

Nianze na mnyakuzi, maana hapo panauma. Miaka michache iliyopita nilinyakuliwa simu kwenye dirisha la teksi, katika foleni ya Clock Tower hapa Kampala. Simu hununuliwa nyingine. Kilichoninyima usingizi ni kwamba ilikwenda ikiwa imefunguka, mazungumzo ya wateja wangu yote yako wazi mkononi mwa mtu nisiyemjua. Tatizo hilo Google walilishughulikia mwaka 2024, na majaribio yalianzia Brazili, nchi ambayo wizi wa simu barabarani umewachosha watu. Simu hutumia vihisi vyake vya mwendo: ikiona imevutwa kwa ghafla, kisha inakimbizwa kwa miguu, baiskeli au gari, inafunga skrini papo hapo. Kuna kinga ya pili inayofunga skrini endapo mwizi atakata mtandao ili usiifuatilie. Na kuna ya tatu, ambayo kwayo wewe mwenyewe unaifunga simu yako kutoka simu ya jirani kwa kuandika namba yako tu kwenye android.com/lock, bila kukumbuka nywila. Hii ya mwisho lazima uiwashe mapema, simu ikiwa bado mkononi mwako.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kinga hizo hazikuja ndani ya Android mpya peke yake. Zilitumwa kupitia huduma za Google Play kwa simu za kuanzia Android 10. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Google, tafuta ulinzi dhidi ya wizi, na utakavyovikuta humo viwashe vyote. Usisubiri kitu ambacho huenda tayari unakibeba mfukoni.

Halafu weka PIN kwenye laini yenyewe. Skrini iliyofungwa haimzuii mwizi kuchomoa laini yako na kuiweka kwenye simu nyingine. Ukiweka PIN ya laini, kila simu inapowashwa inaidai. Ila andika PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, mahali salama nyumbani, kwa sababu ukikosea PIN mara tatu laini inajifunga.

Bando na nafasi nitayapitia kwa pamoja, kwani mara nyingi mlaji ni mmoja. Kiokoa data kimo ndani ya Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016, lakini simu ninazoletewa mezani nakikuta kimezimwa. Kiwashe, kisha uruhusu programu mbili au tatu tu za kazi zitumie data nyuma ya pazia. Play Store iambie isasishe programu kwa Wi-Fi pekee. WhatsApp iambie isipakue picha na video zenyewe. Hapo utaokoa bando na nafasi kwa mkupuo mmoja. Tangu mwaka 2023 Play Store inaweza pia kukunja programu usizozigusa: ikoni inabaki, data zako zinabaki, ila mwili wa programu unaondolewa hadi utakapoihitaji tena. Kwa simu ya GB 32 hilo ni jambo kubwa.

Kitufe cha kurudisha pesa. Natamani kuwe nacho kama unavyotamani, lakini unamwomba asiyekuwa nacho. Unapopiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel, simu yako haishiki pesa wala haiamui chochote. Inapeleka maneno machache kwenye mitambo ya kampuni na kukuonyesha jibu, basi. Ndiyo maana huduma hiyo inafanya kazi hata bila intaneti, tena hata kwenye katochi, ile simu ndogo ya vitufe. Hesabu inafanyika kule, na kurudisha muamala ni uamuzi wa kule. Kwa hiyo ombi hili lipeleke kwa kampuni za mitandao, na mawakala mkilipeleka kwa pamoja litasikika zaidi. Kwa sasa kinga yako ni kusoma jina la mpokeaji kabla hujaweka PIN, hata foleni ikiwa ndefu, na kupiga simu huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo ukigundua umekosea.

Tuje kwenye la tano, yaani miaka. Tangu Agosti 2015 Google hutoa viraka vya usalama vya Android karibu kila mwezi, kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huingilia. Kiraka hakiruki moja kwa moja kutoka Google hadi Arua. Mtengenezaji wa chipu lazima ahakikishe programu zinazoendesha chipu yake zinakubaliana nacho, kisha kiwanda cha simu kikifanyie kazi na kukijaribu kwa kila modeli. Kila hatua inagharimu pesa, na simu ya bei nafuu haiachi faida kubwa ya kulipia kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Google waliipanga upya Android ili sehemu ya chipu itengane na mfumo wenyewe, na tangu Android 10 wanasasisha baadhi ya sehemu za mfumo kupitia Play. Imesaidia, lakini mnyororo haujaisha.

Matokeo yake yanaonekana kwenye bei. Pixel 8 ya Google ya mwaka 2023 iliahidiwa miaka 7 ya masasisho, na Galaxy S24 ya Samsung ikafuata Januari 2024 kwa ahadi ya miaka hiyo hiyo. Wakala wa Arua hanunui simu hizo za bei kubwa. Ulaya wameona tatizo, na tangu tarehe 20 Juni 2025 sheria yao inadai masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 tangu modeli iache kuuzwa. Hapa kwetu Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, tayari hukagua aina za simu kabla hazijaingia sokoni. Mimi ningependa sana ukaguzi huo uulize pia: simu hii italindwa hadi lini? Mtu akiniuliza natamani nini katika masasisho yajayo, si akili bandia wala kamera. Natamani simu ya muuza nyanya ilindwe miaka sawa na simu ya waziri. Pesa zake ndizo zisizo na mlinzi mwingine.

Kwako wewe, dada, ni hivi. Mwaka 2025 Google wenyewe waliacha kutengenezea Android 12 viraka vya usalama. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya mwaka mmoja au miwili nyuma, hakuna cha kusubiri. Usikope ili ununue kesho; washa niliyokueleza, usipakue programu nje ya Play Store, usibonyeze viungo vya zawadi, na laini ya uwakala ihamishie kwenye katochi. Inafanya kila kitu unachohitaji kibandani, na mtu wa boda boda haitamani.

Kisha weka akiba taratibu. Siku utakapokwenda dukani, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, muulize muuzaji masasisho ya usalama ya modeli hiyo yataendelea hadi mwaka gani. Akisita, andika jina la modeli, toka nje, na ulitafute kwenye tovuti ya kiwanda kabla hujatoa pesa.