Kabla ya Kushusha Giaboksi, Pima Pedali ya Klachi

Corolla yangu ya mwaka 1995 ilianza kunisumbua kwenye rivasi. Kila nilipotaka kutoka kwenye maegesho, gia ilikwaruza kwa sauti ya kuaibisha, na pedali ya klachi ilikwenda chini karibu theluthi ya safari yake kabla mguu haujakutana na uzito wowote. Fundi wa kwanza aliikanyaga mara moja tu akatoa hukumu: klachi pleti (sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) imekwisha, giaboksi ishushwe.

Hukumu hiyo ilinitia shaka, kwa sababu pleti inayokwisha haiongezi mchezo wa pedali, yaani ule mwendo mtupu kabla mguu haujakutana na uzito. Pleti inapopungua unene, vidole vya presha pleti (bati la springi linaloibana pleti) husogea kuelekea rilizi beringi (beringi inayovisukuma ili klachi iachie), hivyo kwenye gari la waya, ambalo pedali yake huvuta klachi kwa waya, mchezo hupungua, na kwenye gari ambalo klachi yake husukumwa kwa presha ya mafuta, klachi ya chini (pampu ndogo iliyo kwenye giaboksi) kwa kawaida hujirekebisha yenyewe. Klachi iliyokwisha huteleza, yaani injini hunguruma mlimani na gari lisiongeze mwendo. Langu lilikuwa na ugonjwa wa kinyume: klachi haikuachia yote, na rivasi hutangulia kulalamika kwa kuwa katika giaboksi nyingi za zamani gia hiyo haina kifaa cha kulinganisha mzunguko wa meno kabla hayajakutana.

Niliondoa kapeti, nikasimamisha rula ya shule kando ya pedali, kisha nikaisukuma kwa kidole, si kwa mguu, maana mguu hauhisi mambo madogo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye klachi ya mafuta hutakiwa kuwa na mchezo wa milimita 5 hadi 15, na kati ya hizo milimita 1 hadi 5 tu ndizo za fimbo inayosukuma klachi masta, yaani pampu ya mafuta iliyo upande wa pedali. Yangu ilisoma 42.

Hatua iliyofuata haigharimu kitu. Pampu pedali haraka mara tano au sita; ikiwa inapanda na kuwa ngumu, una upepo kwenye mafuta au mipira ya ndani ya masta imechoka, na hapo kagua kiwango cha mafuta na unyevu kwenye mpira wa masta, upande wa miguuni mwa dereva. Ikiwa haibadiliki hata kidogo, kama yangu, basi kasoro iko kwenye vyuma.

Nililala chali chini ya dashibodi nikiwa na tochi mdomoni (mkao ambao siupendekezi kwa mwenye kiuno kibovu) huku mwanangu akisukuma pedali polepole. Mkono wa pedali ulisogea, lakini fimbo ya masta ilibaki imetulia. Nilipochomoa pini inayoviunganisha, nilikuta imelika katikati mpaka ikawa na kiuno kama cha nyigu, na tundu lake, ambalo lilipaswa kuwa duara, limekuwa na umbo la yai. Pedali ni wenzo: milimita moja iliyolika kwenye pini huweza kuwa tano au sita pale unapokanyaga.

Pini mpya, bushi mpya na kujaza tundu kwa kuchomelea kisha kulitoboa upya vilirudisha mchezo hadi milimita 12, na rivasi ikaingia kimya. Usishawishike kuficha ulikaji wa namna hiyo kwa kukaza fimbo hadi mchezo uishe kabisa, kwani pistoni ya masta isiporudi mwisho, mafuta hushindwa kurejea kwenye kopo lake, presha hubaki, na klachi uliyoiokoa itaanza kuteleza kweli.

Mwenye gari la waya atazame pia nyuzi zinazochomoza mwishoni mwa waya, na amwombe mtu akanyage huku yeye akiangalia ukuta wa bati kati ya injini na dereva, kwa maana katika magari yaliyozeeka ukuta huo huweza kupasuka na kupinda, ukameza mwendo wote ambao ungefika kwenye klachi.