Umetoka kwenye usaili, sasa unaandika nini?

Jana, Jumatano, nilihojiwa kwa kazi ya kutunza stoo ya dawa. Nataka kuwaandikia barua pepe ya shukrani. Niandike lini, na niseme nini? (Msomaji, Mukono)

Andika leo, kabla sura yako haijachanganyika na za wengine. Nimewahi kukaa upande wa pili wa ile meza. Akifika mtu wa nane, majina yanaanza kugongana kichwani, na kinachobaki ni jambo moja tu ambalo mtu alilisema vizuri. Basi wakumbushe hilo, usiwarudishie wasifu wako wote. Mfano:

"Kwa Afisa Utumishi. Habari za asubuhi. Asanteni kwa kunipokea jana saa nne. Mliniuliza nafanyaje na dawa zinazokaribia kuisha muda, nikajibu kwamba natoa kwanza zenye tarehe ya karibu. Sikupata nafasi ya kusema kuwa kila Ijumaa nilikuwa naziwekea alama nyekundu rafuni, ili hata msaidizi mgeni asikosee. Kama kuna swali lililobaki, niko tayari kulijibu."

Halafu jina lako kamili na namba ya simu. Kwenye mada andika jina, nafasi uliyoomba na tarehe ya usaili.

Umeona hamna "naomba mnisaidie" wala "nina shida sana". Najua shida ipo, karo na kodi ya nyumba havingoji mtu. Lakini ukilia, msomaji wako anaacha kufikiria kazi unayoiweza na kuanza kukuonea huruma, na huruma haimpi mtu mkataba.

Walisema watajibu baada ya wiki mbili. Hii ni ya tatu. Nikiwakumbusha nitaonekana msumbufu? (Msomaji, Gulu)

Hapana. Wao ndio waliotaja wiki mbili. Ila hesabu siku za kazi kwanza. Kama usaili ulikuwa mwishoni mwa Mei, hapa Uganda tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi na tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa. Sikukuu mbili ndani ya siku saba, na faili hulala mezani. Jibu kwenye barua yako ileile ya kwanza ili wasome yote pamoja, na uliza swali moja: "Naomba kufahamu kama uamuzi umefikiwa, au nitarajie jibu lini." Ukishatuma, tulia, na uendelee kuomba kwingine. WhatsApp ya afisa usiku usiiguse, hata kama namba umepewa na shemeji yako.

Nimeshatuma, kumbe nimekosea jina la mwenyekiti wa jopo! (Msomaji, Entebbe)

Tuma mstari mmoja leo hii: "Samahani, nilikosea kuandika jina lako." Usieleze sababu.

Kiswahili au Kiingereza? (Msomaji, Jinja)

Fuata lugha ya tangazo la kazi, na hapa Uganda mara nyingi ni Kiingereza. Kama kazi yenyewe inadai Kiswahili na jopo lilikuhoji kwa Kiswahili, waandikie Kiswahili sanifu. Ukiandika Kiingereza, usijaribu kutafsiri shikamoo na habari za nyumbani. Kule heshima hukaa kwenye cheo, jina la ukoo na ufupi wa barua.

Nilifanya usaili wa kazi ya wilaya. Mjomba anasema badala ya barua nimpelekee mjumbe mmoja wa jopo "chai". (Msomaji, Arua)

Mjomba anakupenda, lakini usimsikilize katika hili. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, na matangazo mengi ya kazi za serikali huonya kwamba atakayewashawishi wajumbe ataondolewa. Hata barua ya shukrani kwa mjumbe binafsi naikataa, kwa sababu inaweza kusomwa hivyo hivyo. Ajira za wilaya hupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya. Nenda ofisi ya Katibu wa Tume na namba ya nafasi uliyoomba, uliza pale mezani mbele ya watu, kisha soma ubao wa matangazo kabla hujapanda boda kurudi.