Kikohozi wiki 11, GeneXpert hasi, na ndugu wanataka akatwe kimeo

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni tabibu wa zahanati mkoani Morogoro. Nina mama wa miaka 54, anakohoa kikavu wiki ya 11 sasa. Makohozi yalipelekwa kituo cha afya yakapimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, majibu hasi. HIV hasi. Homa hana, uzito umepungua kilo 2. Kamaliza amoksilini, azithro, na duka la dawa wakampa sipro (siprofloksasini) siku 7. Ana presha, anatumia kaptoprili miezi mitano. Ndugu zake wanasema kimeo kimerefuka na kuna mzee anakata, nilipomulika kweli nikakiona kirefu na chekundu. Nimpe antibaotiki nyingine, nimpe rufaa, au wakakate kwanza tuone?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wasikate. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua unasoma huku foleni iko mlangoni na unaweza usifike mwisho.

Tuanze na mama. Kaptoprili umeitaja mwishoni kama vile haihusiki, mimi ningeanza nayo. Hiyo na ndugu zake wote wanaoishia na "prili" wanaleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo, wanawake wanakipata zaidi, na sio lazima kianze wiki ya kwanza, mtu anaweza kumeza miezi kadhaa ndo kikaja, ndo maana wengi hawaunganishi. Mbadilishie amlodipini au losartani leo hii, usimsimamishie tu akaondoka mikono mitupu, presha haisubiri. Na tafadhali usimhamishie enalaprili! Hilo kosa nakutana nalo kila mara, mgonjwa kabadilishiwa jina la kidonge tu, dawa ni familia ileile, kikohozi kipo palepale. Akishaacha, kawaida kinaisha ndani ya wiki 1 mpaka 4, wachache wanafika hata miezi 3, kwa hiyo mwambie mapema asije akakata tamaa siku ya tano.

Ila usifunge faili. GeneXpert hasi ya mtu anayekohoa kikavu naiuliza kitu kimoja, kilichoingia kwenye kopo kilikuwa makohozi au mate? Mashine ni nzuri, inakamata vijidudu vichache mno ambavyo darubini haivioni, ila ukiipelekea mate itakujibu kuhusu mate. Mpe kopo jingine, asubuhi kabla hajala, asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara kadhaa halafu akohoe kutoka chini, na afanyie nje kwenye hewa sio ndani ya chumba chako. Zile kilo 2 usizidharau.

Rufaa ndiyo, mpe. Mtu mzima akipita wiki 8 anakohoa anahitaji eksirei ya kifua hata kama unadhani sababu umeshaipata, apelekwe hospitali ya wilaya wiki hii au ijayo, sio lazima gari la wagonjwa usiku. Ingekuwa anatema damu, anahema akiwa amekaa, oksijeni iko chini ya asilimia 92, miguu imevimba au shingo ina tezi, ningekwambia leo leo. Na barua yako iwe barua kweli. Napokea karatasi zimeandikwa "kikohozi sugu, kwa matibabu zaidi" basi, sijui kapewa nini, lini, kapimwa wapi, naanza upya na mgonjwa anapoteza wiki nyingine. Andika dawa zote na tarehe, andika kaptoprili umeiacha siku gani, andika anapikia nini, maana mwanamke aliyepuliza kuni miaka 30 kwenye jiko lisilo na dirisha mapafu yake yanaweza kufanana na ya mvutaji. Eksirei ikiwa safi na kikohozi bado kipo, huko mbele wataangalia pumu ile ya kukohoa usiku tu bila kubanwa, kamasi zinazoshuka nyuma ya koo, na tindikali inayopanda kutoka tumboni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na antibaotiki, kwa hiyo swali lako la kwanza nalo limejibika.

Sipro nayo niseme kidogo. Kwa nimonia za kawaida ni dawa dhaifu, alafu familia yake, hasa levofloksasini, inagusa vijidudu vya TB bila kuvimaliza. Mgonjwa anapata nafuu wiki mbili tatu, anarudi shambani, TB inaendelea chini kwa chini na inaweza kujifunza kuishi na dawa ambayo tungeihitaji sana siku akipata TB sugu. Nenda kamwambie huyo muuza duka, kwa upole lakini umwambie.

Sasa kimeo. Naomba unisikilize vizuri kwa sababu umeniambia na wewe ulimulika ukakiona kirefu, na hapo ndipo roho imeniuma. Kila mtu ana kimeo. Cha mmoja kirefu cha mwingine kifupi, kama masikio. Mtu akikohoa wiki 11 kinavimba, kinakuwa chekundu, kinaning'inia, yaani kikohozi ndo kimekifanya hivyo, sio kwamba chenyewe ndo kimeleta kikohozi. Kiko pale kusaidia kuziba njia ya pua unapomeza na kulilainisha koo. Mgonjwa anahisi kitu kinamtekenya kooni, mkata kimeo anamwonyesha kitu kinachoning'inia, hesabu inaonekana imekamilika. Na wanaosema walikatwa wakapona, wengi walikuwa na kikohozi cha virusi, hicho kinachukua mpaka wiki 3 kinaondoka chenyewe, kukatwa kumekutana nacho njiani kikiwa kinaondoka.

Niliwahi kupokea baba mmoja, wiki sita za kikohozi akakatwa, akaambiwa kidonda kikipona kikohozi kitaisha, akasubiri. Kidonda kikapona. Miezi mitatu baadaye kaja anatema damu, GeneXpert inasoma TB, na watoto wake wawili wanaolala naye chumba kimoja nao tukawakuta wanaumwa. Muda wote huo hakuna aliyempima kwa sababu "tatizo lilishatolewa". Mwingine alikuwa mtoto wa miezi tisa, alikuwa na nimonia, wakamkata asubuhi, jioni kaletwa mweupe kama karatasi, damu imebaki 4. Tulimwongezea damu akapona, ila wapo ambao tulishindwa. Kile kisu au mkasi umetoka kwenye koo la nani kabla yake? Hapo kuna HIV, kuna homa ya ini, kuna pepopunda.

Wazee wanaokata vijijini nawalaumu, lakini kinachonikera kupita vyote ni watu wenye koti jeupe. Wapo. Mtu kasoma, anajua kabisa kwamba kikohozi cha wiki 2 tu kinatosha kumpima mtu TB, na mwenye HIV hata kikohozi cha jana kinatosha, halafu anakata kimeo kwenye chumba cha nyuma kwa sababu ni hela ya haraka na mgonjwa mwenyewe kaomba. Anauza kucheleweshwa kwa mgonjwa na kwa kila anayelala naye. Usije ukawa mmoja wao, hata kwa kukaa kimya, maana ile "wakakate kwanza tuone" yako ndugu watakwenda kuisimulia kama ruhusa ya daktari.

Namna ya kuongea nao usiwatukane, bibi aliyeshauri hivyo anampenda mwanae. Mimi nachukua tochi ya simu nawaomba wote waliomsindikiza wafungue midomo, wanaangaliana mmoja mmoja, na karibu kila mara anapatikana mtu mzima wa afya mwenye kimeo kirefu kuliko cha mgonjwa. Hapo namuuliza, wewe unakohoa? Wengi wanaelewa palepale kuliko ningewahubiria saa nzima.

Ikitokea wakakupita wakamkata, au ukaletewa mwingine ambaye ameshakatwa, usimfokee, akiogopa hatarudi. Angalia kama bado anavuja damu, uliza chanjo ya pepopunda, panga kipimo cha HIV cha sasa na cha marudio, halafu siku hiyohiyo mpe kopo la makohozi na umpigie mratibu wa TB wa wilaya, kikohozi chake uanze kukitafuta kama vile neno kimeo hakuna aliyelitaja.