Maswali na Majibu: Taja Mpaka wa Halo Kwanza

Mwalimu, mhadhiri wetu anasema halo ya galaksi kama yetu, yaani wingu kubwa la maada ya giza (maada isiyoonekana) linaloizunguka, imeongezeka uzito sana katika miaka bilioni 8 iliyopita. Maada hiyo ya giza ilitoka wapi? (Mwanafunzi, Mbarara)

Muulize kwanza alipima hadi wapi. Halo haina ukuta. Kwa kawaida tunachora duara ambalo msongamano wa wastani ndani yake ni mara 200 ya msongamano kizingiti wa ulimwengu, kiwango cha rejea kinachotegemea kasi ya kutanuka kwake. Ulimwengu unatanuka na kizingiti kinashuka, hivyo duara litapanuka na kuhesabu maada iliyokuwapo nje yake tangu awali, hata isiposogea chembe moja. Kizingiti ni kama maji ya ziwa: Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, maji yalimeza fukwe za Visiwa vya Ssese. Yalipopungua fukwe zikaonekana tena, na hakuna aliyeongeza udongo. Watafiti Diemer, More na Kravtsov walionyesha mwaka 2013 kwamba kwa halo za ukubwa wa galaksi, sehemu kubwa ya "ukuaji" wa kipindi hicho ni wa namna hii.

Mpaka wa kimaumbile upo. Ni pale ambapo maada iliyoingia, ikapita katikati, hufika mbali kabisa kabla ya kurudi. Hapo msongamano huporomoka ghafla. Nawasihi wanaofundisha wautumie huo, au angalau waseme wametumia upi. Uzito wa halo usiotajiwa mpaka haumfundishi mwanafunzi kitu.

Maada ya giza si ndiyo mashimo meusi? (Wasomaji wawili, Kampala na Gulu)

Hapana. Mashimo yanayoachwa na nyota zilizokufa hayatoshi hata kidogo. Swali hili linarudi kila mara. Tafadhalini, someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika.

Mbona halo ndogo zimebanana zaidi katikati kuliko kubwa? (Mwalimu wa fizikia, Arua)

Hili ni swali la mtu aliyekaa na vitabu. Angalia zilijikusanya lini. Halo ndogo nyingi zilijijenga mapema, ulimwengu wenyewe ukiwa umebanana, na vitovu vyake vimebaki na msongamano wa enzi hizo. Halo za makundi makubwa ya galaksi bado zinajijenga hadi leo.

Kila halo hupitia hatua mbili. Mwanzoni humeza nyingine kwa kasi, kitovu na kingo vikikua pamoja. Gawanya nusukipenyo cha halo nzima kwa kile cha kitovu, utapata karibu 4. Baadaye ulaji hupungua. Kinachoingia hubaki pembezoni, kitovu hakiguswi sana, na uwiano ule hupanda hadi 10 hivi kwa galaksi kama yetu.

Ila usiwape wanafunzi mchoro wa Navarro, Frenk na White, unaoonyesha msongamano wa halo unavyopungua kutoka katikati, kana kwamba ni sheria. Ulitokana na hesabu za maada ya giza peke yake. Katika galaksi ndogo, milipuko ya nyota husukuma gesi nje na inaweza kulainisha kitovu kabisa.

Kwa nini maada ya giza yote isidondoke katikati? (Jinja)

Haitoi mwanga, kwa hiyo haipotezi nishati wala haipoi. Gesi hupoa na kuzama. Ndiyo maana nyota ziko katikati ya halo.

Ile picha ya maada ya giza kama nyuzi za zambarau ilipigwa na darubini gani? (Mbale)

Hakuna. Ni hesabu ya kompyuta, ile ya Millennium ya mwaka 2005, yenye chembe zaidi ya bilioni 10. Nimeona picha za aina hii kwenye kazi za wanafunzi zikiitwa ushahidi. Ushahidi ni mwendo wa nyota na kupinda kwa mwanga. Walimu, msizipe alama.

Halo yetu bado inakula? (Moroto)

Inakula, na wewe wa Karamoja una nafasi nzuri kuliko sisi wa Kampala tuliozibwa na taa. Januari, saa tatu au nne usiku, tazama kusini, chini karibu na upeo: doa hafifu kama wingu lisilosogea na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Linakuja na halo yake, inayokadiriwa kuzidi uzito wa Jua mara bilioni 100, na huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuingia kwetu. Galaksi ndogo ya Sagittarius, iliyogunduliwa mwaka 1994, imeshachanwachanwa. Nyota zake zimetapakaa kuizunguka galaksi yetu yote.