Muulize Fundi: Diski mpya, breki bado zatetema

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Mie niko Maweni hapa Malindi, gari yangu ni Probox na barabara ya Mombasa naipiga mara mbili tatu kwa wiki. Mwaka jana nilikuwa nikishika breki pale mteremko wa daraja la Kilifi usukani wanitikisika mikononi na pedali yanipiga mguu, nikaenda gereji moja nikaambiwa diski zimepinda, nikanunua mbili mpya na pedi zake. Ikatulia kabisa. Sasa kama kilomita elfu sita hivi baadaye ugonjwa umerudi vile vile. Nimeuziwa feki ama?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu, pole. Diski zako huenda hazina kosa lolote. Hilo neno "diski imepinda" sisi mafundi twalipenda manake mteja hulielewa haraka na hana swali tena, lakini chuma kile kupinda hivi hivi ni nadra. Mara nyingi diski huwa imekaa upande kidogo pale kwa habu, kile kitovu cha gurudumu diski inapofungiwa, kidogo ambacho jicho halioni, sasa gurudumu likizunguka kuna pahali pamoja panapokwaruza pedi hata kama hujakanyaga breki. Leo pakwaruza, kesho pakwaruza, zikifika kilomita elfu kadhaa pale pashaliwa pakawa pembamba kuliko kwengine. Ukishika breki pakipita penye unene pistoni inayosukuma pedi yasukumwa nyuma, na mguu wako wasikia. Kwa hivyo ile kutulia kwanza halafu ikarudi, wewe waona ni feki, mie naona ndio ushahidi wenyewe.

Na mbona imekaa upande? Bahari, bwana. Kusi ikivuma chumvi yaingia kila pahali, habu yashika kutu, na aliyekufungia akatoa diski kuukuu akabandika mpya juu ya ile kutu. (Usimlaumu sana, mie mwenyewe nishawahi kununua seti mbili kwa gari moja kabla sijapata akili ya kuangalia habu.)

Kabla hujafungua kitu, hakikisha ni mbele. Toka alfajiri barabara ikiwa tupu. Ikitetema hata bila breki, hiyo ni balansi ya tairi, si mambo yetu. Ukishika breki usukani ukacheza, basi ni diski za mbele. Kama ni kiti tu chatetema, nenda mwendo wa taratibu uvute handibreki kidogo kidogo huku kile kitufe umekibana ili uweze kuiachia mara moja. Ikitetema hapo, kagua dramu za nyuma. Na kama gari ina ABS, ile ya kuzuia tairi zisigande ukishika breki, ukikanyaga kwa nguvu kwenye mchanga pedali ikakung'ata mguu, huo sio ugonjwa, ndivyo inavyofanya kazi.

Haya, nyumbani sasa. Pahali tambarare, mawe nyuma ya tairi, legeza nati kabla ya jeki, na ukishainua weka stendi, jeki peke yake usiiamini. Toa tairi, fungua kalipa, ile inayobana pedi, uifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Tia alama ya chaki kwa diski na kwa stadi moja (zile bolti za kufungia tairi) ujue ilivyokuwa imekaa. Ikigoma kutoka usiipige nyundo, diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi, tia bolti za milimita 8 ukaze zote mbili kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Hapo ndipo utaiona kutu yako. Waya brashi na msasa, habu yote, na hasa pale stadi zinapochomoza manake ndipo watu hupasahau, halafu mgongo wa diski pia. Safisha mpaka chuma king'ae.

Rudisha diski, ikaze kwa nati zote na washa zake, uweke saa ya kupimia, ile dial geji, kama sentimita moja kutoka ukingoni, uzungushe polepole. Mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.05 (huo ni wembamba wa unywele) itoe diski, izungushe kwa stadi moja, upime tena, utafute inapokaa vizuri zaidi. Ikikataa kote, pima habu yenyewe. Geji huna? Azima kwa mtu wa kerezo, ile mashine ya kuchongea chuma, kukadiria kwa macho ni kujidanganya. Huyo huyo akupimie unene kwa maikromita pande nane, tofauti ya milimita 0.02 tu yatosha kukutetemesha. Akikereza ahakikishe haiendi chini ya kipimo cha mwisho kilichogongwa kwa diski yenyewe. Ikishuka hapo, itupe.

Mwisho nati. Bunduki ya upepo wengi hukaza moja sana nyingine kidogo, diski yakaa upande tena. Kaza kwa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, hizi za Toyota ni 103 Nm kwa spana ya kipimo. Pini za kalipa zipake grisi ya breki, si ile ya kawaida, hiyo yafurisha mipira. Kabla hujaondoka pampu pedali mpaka iwe ngumu. Halafu shika breki mara kumi kutoka 60 mpaka 10, ukiacha mwanya ipoe, bila kusimama kabisa, na ikiwa moto usiikanyage ukiwa umesimama.

SWALI: Fundi, mie ni wa Lamu, gari naiacha Mokowe nikivuka kwa boti, saa nyingine wiki tatu. Nikirudi breki zakwaruza na kutetema siku nzima. Ni shida?

JIBU: Kutu ya juu juu hutoka baada ya breki chache, usijali. Shida ni pale pedi zilipokaa, kutu huganda ikaacha alama ya pedi kwa diski. Ikiwa kidole chasikia shimo, kereza au badilisha. Ukienda kuiacha, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha tembea kidogo ukishika breki mpaka zikauke, ndio uegeshe. Handibreki usivute, tia gia na jiwe mbele na nyuma ya tairi.